Saa 10.00 Kamili

Mpendwa Okech, mdogo wangu,

Ofisi ya Katibu wa Kamati ya Ligi, ambayo ni mimi, stuli moja na rula, ina heshima kubwa kukutangazia kwamba neti ya goli la upande wa Kisii imeshonwa. Imeshonwa kwa uzi wa nyavu za omena, mafundo ishirini na mawili, na Mwenyekiti alikuja mwenyewe akavuta fundo moja moja na kusema kazi ni safi. Hilo tu ndilo ambalo kamati yetu imefanya tangu uende. Nimeona ulisikie kutoka kwangu.

Yaliyobaki ni magumu, ndiyo maana nimeanza na neti.

Unakumbuka ule mkutano katika darasa la nasari, wazee wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu? Ulisimama ukiwa bado na vumbi la Masara kwenye nyusi. Wiki nzima ulikuwa shimoni ukichimba dhahabu ya watu, na ulitoka huko kuja kutuambia kwamba kinachokutisha ni uwanja wa mpira. Ukasema mechi zisianze tena saa kumi jioni. Ukasema mvua ya kwetu ina ratiba kuliko kamati: saa tisa wingu linatoka Kisii, saa kumi na moja radi zinapiga, na nyinyi mko uwanjani, wawili kati yenu mmesimama chini ya mabomba ya chuma ya magoli.

"Mwaka jana ng'ombe watatu walipigwa palepale kwenye kona," ukasema.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akavua miwani. "Hao ng'ombe hawakuwa wamesajiliwa."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Okech. Naliandika hilo hapa kwa sababu uliniona.

Bwana Salim, ambaye duka lake ndilo hutupa mipira, akasema asubuhi nani atakuja kutazama, watu wako kanisani. Mwingine akadakia kwamba saa nne padri bado anahubiri. Nawe ukamjibu, "Basi mniambie, jamani, mnataka nihubiriwe saa nne ili nife saa kumi na moja?" Hapo hakucheka mtu. Mwenyekiti akawaomba wachezaji mtoke nje, tupige kura.

Hukuona kura ile. Ndiyo sababu ya barua yote hii. Mikono mitano ilikuwa upande wako, mitano upande wa zamani, na wote wakanigeukia mimi. Nikainua mkono wangu, omera, ndugu yangu. Nikauinua juu mpaka shati likatoka kwenye suruali. Mechi zote zianze saa nne asubuhi. Ulishinda.

Sasa nikueleze jinsi nilivyouharibu ushindi wako kwa kalamu.

Unajua nilichaguliwa katibu kwa sababu mbili: natengeneza saa za watu sokoni, na nina kalamu isiyovuja. Shule yangu ilikuwa magazeti ya kufungia nyama. Mwenyekiti naye, tangu tupewe wilaya yetu, hutaka kumbukumbu za mikutano ziandikwe kwa Kiingereza. Nikaandika kama alivyonisomea: 10.00. Nikaitazama ile namba na sufuri zake tatu, nikaiona nzuri kama namba ya gari la serikali. Kesho yake nikaandika barua kwa timu, kwa Kiswahili: "Mechi itaanza saa 10.00 kamili." Sikuongeza neno asubuhi. Niliona barua ya ofisi haifai kuongea sana.

Mimi, fundi wa saa.

Kila aliyesoma alisoma saa kumi. Wanakamati waliosoma wakanyamaza, kila mmoja akidhani wenzake wamekutana tena bila yeye na kubadilisha. Na wewe uliisoma Alhamisi, ilipobandikwa kwenye mlango wa kinu cha kusaga mahindi, ukaona mwandiko wa ndugu yako.

Ulikuja nyumbani, ukanawa mikono, ukakaa. Mama alikuwa ametupikia samaki, na mimi nilikuwa nimekwisha kula kichwa. Ukasema, "Hata wewe, omera?"

Nikadhani unasema kichwa cha samaki. Nikakujibu, "Kwani kilikuwa kimeandikwa jina lako?"

Ukacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Ukasema, "Hapana. Jina halikuwepo." Alfajiri ukarudi Masara. Nimeyarudia maneno hayo mpaka yamelainika kama noti iliyokaa mfukoni, na kila mara nafika palepale: ulikuwa unaniuliza kuhusu mkono wangu, na mimi nakujibu kuhusu samaki.

Jumapili saa tatu nilikuwa uwanjani na chokaa. Saa nne ikafika, tukawa mimi na ng'ombe mmoja wa jirani. Nikamngoja kila mtu hadi saa saba, nikawatukana nyote moyoni kwamba mmegoma, nikaenda kulala. Kelele ndizo zilizoniamsha. Kufika, uwanja umejaa, timu ya Kendu Bay iko pale na jezi zao za njano, na refa ameshika barua yangu.

"Katibu! Unachelewa kwa barua yako mwenyewe?"

Nikaisoma. Hapo ndipo nilipoona. Bwana Salim akanipiga begani, akasema, "Hongera, mmerudiwa na akili." Upande wa Kisii wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, zito, limekuja kwa wakati wake.

Sikiliza sasa, Okech, kwa sababu hili hajasikia mtu, hata Mama. Bado kulikuwa na nafasi. Maneno manne yalitosha: simamisheni, kosa ni langu. Lakini ningeyasema mbele ya watu mia kadhaa ambao huniletea barua zao niwasomee. Nikaona watacheka. Refa akauliza, "Tuanze?" Nikasema, "Anzeni."

Wewe ulikuwa golini unafunga kamba za viatu. Ukainua uso ukanitazama. Mimi nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa kumi kamili. Saa zangu hazikosei.

Mvua ilianza kabla ya mapumziko. Mpira ulikuwa mbali, kwenye goli lao, nawe ukaegemea mlingoti kama ulivyozoea. Sitaandika zaidi ya hapo. Radi, polo, ilipiga mara moja. Kwa Kijaluo chetu neno hilo ni mbingu pia, na Mama tangu siku ile hawezi kusali kwa sauti, kwa maana kila akifika kwenye mbingu anakwama.

Watu walisema radi ilitumwa. Wakamkamata mzee mmoja aliyekuja na timu ya Kendu Bay amebeba mfuko, wakamrarua shati, wakaumwaga mfuko: njugu za kukaanga na soksi za timu. Hata hivyo walimfukuza hadi barabarani, na Kendu Bay hawachezi nasi tena. Nilisimama pale nikimtazama mzee akiokota njugu zake kwenye matope, nikanyamaza kwa mara ya pili siku hiyo. Walisema kweli, ilitumwa. Niliituma mimi, kwa barua.

Nilipeleka tena hoja yako kwenye kamati. Wakasema kama radi ni ya kutumwa, itatumwa hata asubuhi, kwa hiyo saa haina makosa. Wakapiga kura. Mkono wa kuunga ulikuwa mmoja, wangu.

Basi nifanye nini, wuod mama, mwana wa mama yangu? Nafungua saa za watu, naangusha vijiskrubu ambavyo sivioni tena. Mama akiniuliza mbona sili kichwa cha samaki, namwambia kina miiba. Nimekuandikia mara tisa nikachana. Hii sitaichana. Kesho naibandika kwenye mlango ule ule wa kinu, kila mtu asome, mzee wa njugu asomewe na wanaojua. Wakitaka kucheka wacheke. Mimi namtaka msomaji mmoja tu, na hayuko Migori. Mkono wangu ulikuwa juu, Okech. Kama huko kuna namna yoyote ya kusikia, sikia hilo tu.

Lala salama, kipa wetu. Na unisamehe ukiweza, usipoweza, nitaelewa.

Pembeni ya barua hii nabandika na tangazo la Jumapili. Tunacheza na Kegonga. Nimeandika kwa maneno, si kwa tarakimu: saa kumi jioni.

Kaka yako mkubwa,
Katibu