Video Nzima, na Sauti Zake

Mama,

Shikamoo. Ulinifundisha nisifungue mdomo mbele ya mkubwa kabla ya salamu, basi pokea, hata kama marahaba yako siisikii tena.

Mwezi uliopita tulimzika Bibi Skola kule Kibaoni. Ndiyo, Gasto mjukuu wake alikuwepo. Na ndiyo, nimemkomesha. Najua Bibi Skola ameshakufikia, na mdomo wake tunaujua, hakai na habari hata nusu saa. Lakini nataka uisikie kwangu mwanao, tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Watu wameyasimulia vibaya mno haya mambo, na mimi nimechoka kuwasikiliza.

Sisi na kina Gasto ni watani, ukoo kwa ukoo, tangu mababu. Wakifiwa wao, tunakwenda sisi kuchimba kaburi, kupika, na kuwachekesha ili majonzi yasiwamalize. Tukifiwa sisi, wanakuja wao. Na kwetu hakuna aliyekuweza wewe kwa utani. Msibani watu walikuwa wanaulizana, "Mama Oliva kashafika?" kama wanavyomuulizia padri.

Alipofariki babu yake Gasto tulipanda basi la asubuhi kutoka Mpanda, wewe na mimi. Ulifika ukavaa koti la marehemu, lile la kaki, na kofia yake, ukashika na fimbo yake. Ukawa unapita katikati ya wafiwa umekunja mgongo, unakohoa kama yeye, unawagombeza wanawe: "Nani kafungulia mbuzi? Nimekufa leo tu mbuzi wameshaingia kwenye mpunga?" Bibi Skola, mjane mwenyewe, alicheka mpaka kitenge kikamdondoka. Halafu kaburini, kabla jeneza halijashushwa, ukarukia ndani ukalala chali. Ukasema mzee alikuahidi jogoo na bila jogoo hazikwi mtu hapa. Ukarusha miguu, ukacheka kile kicheko chako cha kukatika pumzi. Jogoo akaletwa, ukatoka, mzee akazikwa. Baadaye nilikukuta jikoni peke yako unamlilia, maana ulimpenda yule mzee.

Gasto alikuwa anarekodi.

Gasto huyu huyu, Mama. Alipokuja Mpanda kusoma, kila Jumapili alikuwa anakuja kwetu Kawajense na unampakulia kabla yangu. Nilikuwa nakununia kwa sababu ya paja la kuku. Ulisema, "Mtoto wa mtani ni mgeni wa kudumu, muache ale." Akala. Akakua. Akafungua ukurasa wake wa matukio ya Katavi, na msibani kwa babu yake akakata kipande cha ile video: wewe umelala kaburini, unarusha miguu, unacheka. Sauti akaitoa yote, ule umati uliokuwa unacheka ukapotea, akaweka muziki wa kutisha wa filamu za majini. Juu akaandika: MWANAMKE AINGIA KABURINI NA KUMCHEKA MAREHEMU. Neno mtani hakuliandika popote. Na yeye ni mtani! Angekuwa mgeni wa kutoka huko mbali ningesema hakujua. Alijua kila kitu.

Nchi nzima ikakutukana. Wakakuita mchawi, wakataka uchomwe, mwingine akauliza watoto wa mwanamke huyu wanaishije naye. Ulikaa kibarazani na miwani yako, kidole kinashuka taratibu kwenye kioo cha simu, midomo inasoma. Ukaniuliza, "Oliva, hawa wananijua?" Nikasema hapana. Ukasema, "Sasa mbona wamekasirika hivi?"

Ukaanza kuwajibu. Mmoja mmoja! Nimeyasoma majibu yako yote baada ya wewe kuondoka, maana simu yako ninayo mimi. "Hapana mwanangu, mimi si mchawi. Mimi ni mtani wao. Ubarikiwe." Mtu amekuita mbwa, unamwambia ubarikiwe. "Pole kwa kukasirika, ungekuwepo ungecheka na wewe." Na kila ulipojibu, video ilipanda juu zaidi, ikafika kwa wengine, wakaja na matusi mapya. Ulidhani kule ni kama kibarazani kwetu, kwamba mtu akikosea unamwita, anakaa, mnaelewana, anakwenda zake. Mama yangu, kule hakuna anayekaa.

Watu wakaniambia, "Mwambie mama azime data, mambo ya mtandaoni yanapita." Nyie, azime data! Ukizima wewe, jirani yako kawasha. Wale waliokupa kazi ya kupika kwenye harusi ya binti yao walikuja wenyewe nyumbani, wanaangalia chini, wanasema kuna wageni watatoka Dar na wameiona ile video, kwa hiyo wamepata mpishi mwingine. Baada yao wakaacha kuja hata wenye sherehe za ubarikio wa watoto. Sufuria zako kubwa zikakaa kifudifudi uani, kuku wakawa wanalala juu yake. Wewe uliyewapikia Kawajense nzima!

Ulimpigia Gasto. Nilikuwepo, uliweka sauti ya juu. Ulimwambia kwa upole afute. Unakumbuka alivyocheka? "Aa, mama mkubwa, si utani tu? Tangu lini mtani akakasirika? Subiri kidogo, inakimbia vizuri hii." Ulikata simu, ukasema lile neno ambalo sijalisahau: "Mtani hakasiriki, mwanangu. Mtani anarudisha."

Hukupata nafasi ya kurudisha. Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika presha. Mimi ningeandika Gasto.

Na unajua alifanya nini siku ile ile? Aliweka picha yako na mishumaa pembeni: "Pumzika mama yetu kipenzi, pengo lako halizibiki." Watu wakammwagia mioyo na pole. Pole, yeye! Niliitazama ile picha nikatamani kuutafuna ule mkono ulioandika.

Msiba wako ulikuwa mbaya, Mama. Watani walikuja, sisemi hawakuja. Walichimba, walipika. Lakini hakuna aliyevaa kitenge chako. Hakuna aliyekuiga ukionja chumvi kwa kiganja. Kila mmoja alikuwa anaangalia simu za wenzake, anaogopa naye asije akaamkia mtandaoni. Wewe uliyecheza kwenye misiba yote ya watu, ulizikwa kimya kama mpita njia. Hapo ndipo nililia mpaka wakanishika. Bibi Skola akanivuta akaninong'oneza, "Mimi usiniache nizikwe hivi. Siku yangu uje wewe."

Baada ya matanga niliingia mtandaoni nikaandika jina lako. Ikaja ile video tu, na nakala zake, kwenye kurasa za watu nisiowajua hata kwa ndoto. Miaka yote hiyo ya kupika na kuzika watu, na dunia imebaki na wewe umelala kaburini na muziki wa majini. Nikachukua ukurasa wako nikaanza kuweka picha zako: ukiwa na mwiko, ukimbeba mtoto wa jirani, na ile ya Pasaka uliyokataa ionekane kwa sababu kilemba kilikaa upande. Samahani, nimeiweka, na ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Lakini picha kumi hazikimbii kama uongo mmoja. Nikaweka kinyongo changu mahali pakavu, nikasubiri.

Bibi Skola alipofariki, tangazo lilikuja kwenye kundi la ukoo nikiwa nachambua mchele. Nikanawa mikono, nikaenda stendi.

Nilikuta msiba umepooza vile vile. Watani wengine wamejipanga kama wageni rasmi. Nikaingia ndani, nikaomba kitenge cha Bibi, kiatu chake kimoja kilichokatwa kisigino na lile kopo lake la ugoro. Nilikuwa sijawahi kufanya peke yangu. Nikatoka nje nachechemea, nikapiga chafya ya ugoro kama yake, nikafoka: "Kimya hiki cha nini? Nimekufa mimi au nyie?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Kisha uwanja mzima ukalegea, wanawake wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja kama zamani. Na Gasto, kwa mazoea yake, akanyanyua simu.

Nikamwendea kwa mwendo wa bibi yake. "Mjukuu wangu, lete nikutunzie." Nikaichukua mkononi mwake. Mateka! Na mtani akichukua mateka msibani hapigwi wala hanyang'anywi, anakombolewa. Gasto alijua, wazee walijua. Baba yake mkubwa, mzee Krispini, akasema wanipe kuku. Nikakataa. Wakasema mbuzi. Nikapanda juu ya kifusi cha kaburi nikasema kuku wala mbuzi sitaki, nataka ile video ya Mama Oliva, nzima, na sauti zake, iwekwe hapa hapa kwenye ukurasa wa Gasto, na Gasto aseme alichofanya. Vinginevyo Bibi Skola halali leo.

Gasto akabadilika rangi. Akasema alishaifuta zamani. Nikamjibu kwa sauti ya Bibi: "Wewe hata picha za chapati hufuti!" Watu wakaangua kicheko. Mzee Krispini hakucheka. Akamwambia, "Fungua simu."

Ilikuwepo, Mama. Nzima. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, watu wakasogea.

Ulianza kusikika wewe, unadai jogoo wako. Halafu umati. Halafu juu ya sauti zote kicheko cha Bibi Skola, ambaye wakati ule ule jeneza lake lilikuwa pale pembeni. Mlikuwa mnacheka pamoja, marehemu wawili, na sisi tumesimama tunawasikiliza. Mzee Krispini akavua kofia. Na karibu kabisa na simu, kuliko watu wote, kijana anacheka mpaka anakwama: "Mama Oliva ni noma! Hakuna kama huyu!" Sauti ya Gasto. Ndiyo maana aliitoa.

Akaongea mbele ya simu, nimeishika mimi. Alilia. Alisema jina lako, akasema ulikuwa mtani wao, akasema alijua na aliacha kusema kwa sababu ya wafuasi. Kisha tukaituma, na unaujua mtandao wa kule. Msiba mzima ukasimama, padri na katekista wake, wote tunatazama kile kiduara kinavyozunguka. Nilisikia mwanamke mmoja anasali kwa sauti ya chini ili kiishe. Kilipoisha nikashuka kwenye kifusi, nikamrudishia simu yake, na Bibi akazikwa kwa vigelegele.

Wale wale waliokutukana wewe wakamgeukia yeye. Muuaji. Msaliti. Mtovu wa fadhila. Nilijitengenezea chai ya tangawizi, nikakaa kwenye kigoda chako uani, nikasoma komenti zote mpaka chini. Nikasikia raha. Padri aliniambia nisamehe, nikamwambia nitafikiria. Nilisubiri huruma ije, Mama, haki ya Mungu nilisubiri. Haikuja. Mwosha huoshwa.

Baada ya siku chache Gasto akaanza kunipigia. Wenye harusi wamemkimbia, hawataki awarekodi. Mchumba wake amenuna. Anaomba ruhusa aifute ile video ya kukiri kwake. Anaomba, maana mwenyewe hawezi: wazee wamesema mateka yaliyokombolewa hadharani hayarudishwi kwa siri, na akiifuta watani hawatakanyaga tena kwao, kina Gasto watajizika wenyewe. Kidole chake kiko juu ya kitufe na hawezi kukibonyeza.

Nikamwambia, "Ya kwako itafutwa. Siku ile nakala ya mwisho ya mama yangu itakapokuwa imefutwa kila ilipo." Akasema, "Dada, hizo hazina idadi, ziko kwa watu hata siwajui." Nikamwambia, "Si utani tu? Tangu lini mtani akakasirika?"

Basi anatafuta. Kila siku anaandika jina lako, anaingia kwenye kurasa za watu, anawabembeleza, anawaeleza utani ni nini na wewe ulikuwa nani. Kuna wanaofuta. Kuna wanaomtukana, naye anawajibu kwa adabu, kama ulivyokuwa unawajibu wewe, nami naenda kusoma. Juzi mwingine kamuita mbwa. Gasto kaandika, "Ubarikiwe."

Nilifunga simu, nikalia kidogo. Kwa ajili yako, si yake.

Leo asubuhi kanitumia ujumbe kwamba kuna mmoja amekubali kufuta, ila wameibuka wengine wawili, na amechoka. Nimemjibu neno moja: "Endelea."

Kwaheri, Mama. Sufuria nimezisugua kwa majivu, Jumamosi zinakwenda kwenye ubarikio, tena waliokuja kuziomba ni wale wale wa ile harusi, na nimewafanya wasimame jua kali kabla sijaitikia hodi. Misiba ya watani wetu nitaihudhuria yote badala yako, hilo nakuahidi. Na siku ikifika ya Gasto, kama mimi bado nipo, nitavaa koti lake, nitaingia kaburini mwake nilale chali kama ulivyolala wewe. Jogoo sitataka. Nitawauliza tu wanawe kama baba yao alimaliza.

Mwanao,
Oliva