Neno la Heshima la Achieng

Ijumaa, jioni. Mawingu yamejikusanya juu ya ziwa tangu saa nane na hayataki kunyesha. Na mimi niko vivyo hivyo. Nimefika nyumbani hapa Migosi, nimevua viatu, nimekaa. Chai imepoa mbele yangu.

Mradi wa Jumatano umekufa.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kujidanganya. Muhula huu niliwapanga wanafunzi wangu wa gredi ya sita wakutane na wazee wa mtaa kila Jumatano alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Mzee anasimulia maisha yake, mtoto anayaandika kitabuni, kisha wote wawili wanachora picha za kitabu hicho. Sikutaka makuu. Sawa, nilitaka kidogo: nilitaka picha nzuri za kuwaonyesha wakubwa wa elimu. Nakiri hapa kwa sababu hapa hanisomi mtu wa shuleni.

Mwanafunzi wangu Achieng nilimpa Dani Rispa. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na mtaa mzima wa Obunga unamwita hivyo. Amekaanga mgongo wazi huko tangu mimi sijazaliwa, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishakwenda kwa wenye pesa. Siku ya kwanza aligoma kushika kalamu ya rangi. Siku ya tatu alichora samaki: kichwa, mkia, na katikati mifupa mitupu. Achieng akamwambia samaki hakai hivyo. Dani akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso, akasema kwake samaki amefika hivyo maisha yake yote.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba.

Sasa, Achieng. Ana miaka kumi na miwili, ana mwandiko wa kuonewa wivu, na kila Jumamosi mama yake humpeleka matangani. Huku kwetu Jumamosi isiyo na mazishi ni ya kutafuta. Mtoto huyu hajawahi kusikia maisha ya mzee yakisomwa popote ila kando ya jeneza, kwenye kipaza sauti. Nilipaswa kulijua hilo. Niliwahi kumsikia akimuuliza Dani ameacha watoto wangapi, na Dani akajibu wanne, mmoja yuko Luanda Kotieno, wengine Nairobi. Nilidhani anauliza habari za nyumbani tu. Hata Dani alidhani hivyo.

Juzi ilikuwa siku ya kuwasomea wazee vitabu vyao. Achieng alisimama wa kwanza, sare imepigwa pasi, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Marehemu Dani Rispa alizaliwa Luanda Kotieno. Alikuwa mama mwenye upendo. Ameacha watoto wanne..."

Alisoma hadi mwisho. Hakuna aliyemzuia, hata mimi.

Mzee mmoja alichukua kofia yake, akatoka. Wengine wakamfuata bila kelele. Dani alibaki kidogo akimtazama Achieng, kisha naye akaomba fimbo yake. Kumwita mtu hai marehemu si mchezo kwetu. Ni kumchimbia kaburi akiona. Jana mwana mmoja wa Dani, wa Nairobi, alimpigia simu mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaniambia jambo hili lipumzike kwanza. Najua maana ya kupumzika katika ofisi ile.

Achieng alidhani marehemu ni cheo. Kama mheshimiwa. Alinieleza huku akilia kwamba amesikia wazee wazuri wote wakiitwa hivyo.

Na kitabu kile nilikuwa nimekisahihisha. Nilitia tiki nyekundu bila kusoma hata mstari, kwa kuwa mwandiko ulinipendeza. Najionea aibu.

Leo baada ya masomo nilikwenda Obunga kuomba msamaha. Dani alinipa kiti, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimweleza yote, ya cheo na ya tiki. Nikamwomba arudi japo mara moja, mtoto amwone.

"Hiyo mtoto hajakosea, mwalimu," akasema. "Amewahi tu."

Nikasema Mungu apishe mbali. Alisema wanawe wote wanne watakuja, anajua, watakuja na hema na viti na kipaza sauti, na watasoma maneno yale yale. Kurudi ukumbini hataki, ameshajisikia akisomwa. Akanirudishia kitabu. Kikae na Achieng, alisema, kitahitajika.

Achieng alikuwa akiningoja barabarani. Nilimwambia Dani harudi. Akakichukua kitabu, akatoa kifutio, akalisugua lile neno hadi karatasi ikachanika kidogo.

"Mwalimu, sasa niandike nini hapa? Mzee akiwa bado hai, anaitwa nani?"

Nikamwambia aandike Dani tu. Akasema hiyo si ya heshima, kila mtu anamwita hivyo. Akaniachia kitabu nimtafutie neno.

Kiko hapa mezani. Nimetafuta tangu nifike na sijaliona. Je, lipo, au nasi tumezoea kungoja mpaka neno marehemu pekee ndilo lifae?

Kesho ni Jumamosi. Achieng atapelekwa matangani.