Kadi Haibembelezwi

Jumatatu, 2 Februari

Mwavuli umevunjika mbavu tena. Mama ameufunga kwa kamba ya kiatu. Nilimshikia asubuhi kabla ya kwenda shule, kisha nikampangia kadi mezani, zote zikitazama upande mmoja. Hakuna aliyesimama. Watu wa steji ya magari ya Tassia hupita wakiangalia chini, kama wanaompita mhubiri wa barabarani mwenye kikapu cha sadaka.

Mama anasajili abiria. Anatazama kitambulisho, anapiga picha, anatoa kadi ya nauli. Mtu anaweka pesa ndani kwa simu, na akipanda gari anaigusisha tu kwenye mashine ya kondakta. Hakuna kudai chenji. Hakuna nauli kupanda kwa sababu mvua imenyesha. Mimi naliona ni jambo zuri. Sijui kwa nini naliona peke yangu.

Kipindi chake cha majaribio kinakwisha Machi. Akithibitishwa, tunabaki. Asipothibitishwa, atarudi kuuza nguo Gikomba na kulala kwa dada yake Majengo, na mimi nitapelekwa mbali, Kimilili, kwa Kukhu, bibi yangu. Alinieleza jana akichambua sukuma wiki, bila kuinua macho. Tangu Baba afariki hunieleza mambo hivyo. Niko gredi ya tisa. Mtihani wa taifa ni mwaka huu.

Nampenda Kukhu. Sitaki kwenda.

Jumatano, 4 Februari

Nilitaka kuwa wa kwanza kuitumia kadi kwenye gari la asubuhi. Brayo, kondakta, alinifunika mkono. "Siz, weka hiyo kitu. Mtoto wa Mama Kadi halipi kwa hii gari."

Abiria walicheka, si kwa ubaya. Nilikaa nyuma ya dereva nikijiona mtu mkubwa. Mashine imening'inia pale mbele, bado imevishwa nailoni iliyotoka nayo dukani. Brayo hutundika taulo lake juu yake.

Alhamisi, 12 Februari

Siku mbaya. Vijana wa steji walimuuliza Mama kama kadi inalipa na kodi ya nyumba. Mama akacheka nao. Nyumbani hakula.

Nikaenda kumuuliza Mama Wambui, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, kwa nini hataki kadi. Yeye hupanda gari kila siku kwenda Kariokor kuuza viatu. Nilimweleza faida zote kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta viatu. Kisha akasema kuna siku mtu anatoka nyumbani na nauli nusu. Brayo atanung'unika, atamtukana kidogo, lakini atambeba.

"Kadi haibembelezwi, Nafula."

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema hoja hujibiwa kwa hoja. Nikachukua kitambaa nikamsaidia kufuta viatu.

Jumamosi, 14 Februari

Jumuiya ilisali kwetu leo. Viti vya kuazima, chai, mandazi. Wakati wa matangazo nilisimama. Mama hakujua. Nilisema kazi ya Mama inategemea watu kuchukua kadi, na kwamba asipothibitishwa mimi nitahama shule. Mama alitazama kikombe chake.

Halafu Mama Wambui akasema, "Huyu ni wetu. Tutamsimamia."

Wakaitikia wote. Vile vile walivyoitikia alipolazwa mtoto wa ghorofa ya tatu. Hata Mzee Shikuku, mstaafu wa reli, akasema atachukua, na yeye goti lake halijamruhusu kupanda gari tangu nimjue.

Jumapili, 15 Februari

Foleni. Foleni mbele ya meza ya Mama. Walikuja moja kwa moja kutoka Misa. Mzee Shikuku alivaa koti lake la reli kwa ajili ya picha na akataka apigwe mara ya pili kwa sababu alifumba macho. Wengine walileta majirani. Kadi za mezani zikaisha na Mama akafungua kasha jipya. Vijana wa steji wakatazama.

Jioni Mama aliimba akipika. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya kuimba.

Nitabaki. Nitabaki.

Jumatatu, 23 Februari

Nimemkuta Mama Wambui akikwangua unga wa chapati kwenye ubao kwa kadi yake. Anasema inakwangua kuliko kisu. Ya Mzee Shikuku imepigiliwa msumari ukutani kando ya kalenda ya parokia. Askari wa geti la ploti yetu ameikunja ya kwake mara mbili, ameibana kwenye dirisha lisipige kelele.

Niliwaambia lazima itumike garini. Wote walisema sawa, mwanangu. Wananiitikia kwa upole sana. Nimeanza kuuogopa upole huo.

Ijumaa, 27 Februari

Sitaki kubebwa bure tena. Nilimwambia Brayo hivyo. Akasema mashine haina chaji. Nililiinua taulo. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Akaniinamia, akasema polepole, wengine wasisikie, kwamba siku tajiri wa gari atakapoona kila shilingi kwenye simu yake, yeye Brayo atabaki mlangoni kama pambo. Ana watoto wawili. "Sina ubaya na mamako, siz. Ni vile tu."

Tulipofika steji ya shule, Makadara, alinishikia begi nikishuka. Afadhali angekuwa mtu mbaya.

Sikumwambia Mama. Nilijiambia mtu mmoja hawezi kuwa tatizo.

Jumanne, 10 Machi

Msimamizi wa Mama alikuja stejini nilipokuwa natoka shule. Kijana, viatu safi, tableti mkononi. Hakupaza sauti. Alimwonyesha Mama orodha ya watu wa jumuiya yetu, jina baada ya jina, na mbele ya kila jina hakuna safari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusisha kadi popote.

"Hawa ni watu hewa, mama," akasema.

Mama akajibu kwamba anawajua wote, anajua hata milango yao. Msimamizi akashusha kidole mpaka chini. Akauliza huyu Nafula ni nani. Mama akasema ni binti yangu, huyu hapa. Kwenye mstari wangu pia hapakuwa na kitu.

Mama alinigeukia. Hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyeulizwa jina lake likampotea. Anajua natoka na kadi kila asubuhi. Ni yeye aliyeiwekea pesa.

Nilimweleza nyumbani. Alisema, "Brayo ana moyo mzuri," akaingia kulala kukiwa bado mchana.

Jumamosi, 14 Machi

Msimamizi alirudi leo kumaliza maneno. Mama Wambui alikuwa amesikia. Alipita mlango kwa mlango. Wakaja stejini wote, kila mmoja na kadi yake, waonekane kuwa ni watu. Mzee Shikuku alishuka ngazi akishikwa mabega, kadi ikiwa na tundu la msumari. Mama alikaa wima nyuma ya meza. Mimi niliamini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliwatazama wakipanga mstari nikaamini.

Msimamizi aliwaangalia, akalinganisha nyuso na picha. Akakubali ni watu. Hata aliomba radhi. Kisha akauliza, kwa adabu, kwa nini basi hawazitumii.

Mama Wambui akajibu kwa fahari, akiwasemea wote. "Hizi hatukuchukua za kupanda gari, kijana. Tulichukua kwa sababu huyu ni wetu. Hatungemwacha aanguke."

Wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mzee Shikuku akapiga fimbo chini kukaza neno.

Nilimwona msimamizi akiifunga tableti. Nilijua kazi imekwisha. Mama alijua. Wao hawakujua. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakamwambia Mungu akubariki, wakarudi nyumbani wakicheka.

Mama alianza kuufungua mwavuli kamba.

Jumapili, 15 Machi

Hakuna cha kuandika. Kizibao cha kazi cha Mama kimerudishwa. Meza imechukuliwa. Mama Wambui ameleta chapati, Mama akampokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa jana. Hatamwambia jibu lake lilifanya nini. Nami nimekatazwa.

Jumatano, 25 Machi

Mwalimu wa Kiswahili ameniuliza kama huko niendako wana vitabu. Nikasema ndiyo. Sijui kama wanavyo. Pale penye mwavuli sasa pana mwanamke wa mahindi ya kuchoma. Ana wateja wengi. Sijui nimchukie nani.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita, shule imefungwa. Naandika nikiwa kwa Kukhu. Anakoroga uji na kuniuliza mara kwa mara kama nina baridi.

Asubuhi tulipanda gari la Brayo kwenda kituo cha mabasi ya magharibi. Mama alitangulia na sanduku. Brayo akaanza, mtoto wa Mama Kadi halipi. Nikabaki nje ya mlango. Nilimwomba mara hii tu achukue nauli kwa kadi. Akanitazama, akalitazama sanduku. Akaondoa taulo, akaichana nailoni kwa meno, akanisogezea mashine.

Niligusisha. Kioo kilikuwa cheusi. Haikulia. Tulisubiri kidogo sote wawili.

"Imeingia," akasema.

Nikamshukuru.

Kadi nimeibana hapa kati ya kurasa. Haijapungua kitu. Ina nauli ya kutoka kituoni hadi Tassia.