Marit Anaomba Kura, Baba Hataki Uchaguzi

Mji mkuu, Dakota, Julai 8, 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini wewe na Mama hamjambo na ngano imepata mvua. Nina habari: nimechukua fomu, nagombea Usimamizi Mkuu wa Elimu wa jimbo. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na sitaki shule ndogo kama ya kwetu Haugdal zifungwe.

Sasa, Baba, nasikia umesimika bango barabarani: "GAVANA AMTEUE MSIMAMIZI WA ELIMU." Swali hilo, la kama msimamizi ateuliwe badala ya kuchaguliwa, limo kwenye karatasi ileile ya kura yenye jina langu. Watu watasema hata babangu mzazi hataki nichaguliwe. Naomba uling'oe.

Binti yako,
Marit

Haugdal, Julai 15

Mwanangu Marit,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti langu na vituko vyake. Mama yako amelia kwa furaha, kisha akawapigia simu majirani wote.

Bango siling'oi. Daktari wa mifugo hapigiwi kura, kwa nini elimu ipigiwe? Umesahau tulivyomchagua yule mpiga kinanda cha kodiani? Miaka minne shule zilikosa vitabu, zikapata nyimbo. Lakini kura yangu unayo, na bango lako nimelisimika ubavuni mwa langu. Jirani yetu Arlys kapita anacheka: "Halvor, yaani unataka bintiyo awe msimamizi wa mwisho kuchaguliwa kwa kura?" Nimemwambia ndiyo, hivyo hasa.

Baba yako

Haugdal, Oktoba 3

Marit,

Hatujambo. Ila jana umetuaibisha. Chakula cha mavuno kanisani, ukumbi umefurika, nawe unaketi, unapakuliwa, unakula chapati za viazi kama bibi harusi. Mgombea hali, mwanangu. Mgombea hushika birika, anamimina kahawa meza hadi meza mpaka ajue nani hatumii sukari. Wanawake wa jikoni wamenuna, wanasema mji mkuu umekuharibu. Jumapili ni zamu ya kanisa la Viken, na Arlys atakuwa anapika huko. Nenda ukashike birika.

Baba yako

Mji mkuu, Oktoba 22

Baba,

Shikamoo. Mkono unaniuma, nimemimina kahawa makanisa sita. Kule Viken mzee mmoja alinishika kiwiko, akaniambia wajukuu zake hukaa kwenye basi la shule saa tatu kwa siku. Nilisahau hotuba yangu yote, nikakaa nikamsikiliza. Sijawahi kufurahia kazi namna hii.

Kura yako kwangu sina shaka nayo. Lakini lile swali la pili, Baba? Inaniuma kwamba hutaki mtu mwingine apite nilikopita. Nijibu.

Binti yako,
Marit

Haugdal, Novemba 9

Marit wangu,

Pole sana. Umeshindwa kwa kura elfu mbili tu, na mama yako ameoka keki tatu kwa hasira. Njoo ule, safari hii unaruhusiwa kuketi.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sina jibu. Wiki moja kabla ya kura nilikuwa kwenye ghala la nafaka, nawahubiria watu habari za uteuzi kama kawaida yangu. Arlys akaniuliza, "Haya, gavana amteue nani?"

Nikasema, "Kama si Marit, nani mwingine?"

"Gavana hamjui Marit," akasema. "Sisi ndio tunamjua. Kule Viken kanioshea vyombo mpaka sahani ya mwisho."

Nikachukua kofia yangu nikaenda nyumbani. Miaka thelathini nabishana ghalani, sijawahi kuondoka kabla ya kushinda.

Basi, lile swali limekataliwa jimbo zima. Hapa Haugdal limekataliwa kwa kura moja, na kura hiyo ni yangu. Najivunia wewe, mwanangu, na nilichelewa kukwambia.

Watu wa Viken wameniuliza kama utagombea tena baada ya miaka minne. Nimewajibu ndiyo kabla ya kukuuliza. Nisamehe.

Baba yako