Ng'ombe Wangu kwenye Zizi la Mpinzani

Jumapili, Manyoni. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Jamani, nimechoka.

Miezi minane natengeneza gemu moja tu. Wachezaji wawili, kila mmoja na zizi lake, kisima chake na shamba lake la mtama. Mvua inakatika, atakayebaki na ng'ombe wengi ndiye mshindi. Natengeneza na Jose, rafiki yangu tangu shule ya msingi.

Au niseme nilikuwa natengeneza naye. Alhamisi tuligombana, akabeba daftari lake la hesabu akaondoka.

Ugomvi ni ukame. Mimi nimeuweka kama ulivyo huku kwetu: ukija, umekuja. Basi kila anayecheza anafilisika mapema, anarudi kwenye gemu za mpira. Jose akasema tuupunguze makali, mtu apate pa kujiokolea. Akaomba nakala aijaribu kwake. Nikamnyima, nikamwambia anataka kuuza uongo. Neno baya, nalijua.

Leo baba kaja kutoka Kintinku. Baada ya shikamoo na chai nikamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Kusema kweli nilitaka anipe haki. Ukame ulimmalizia zizi nikiwa mdogo. Nani angeujua kuliko yeye?

Akatazama weee, kisha akauliza, "Sasa hawa ng'ombe wengine nawapeleka kwa nani?"

Nikamwambia hakuna pa kuwapeleka, baba, yule mwingine ni mpinzani.

Alicheka mpaka akakohoa. "We mtoto! Nani anaweka ng'ombe wote zizi moja? Mwaka ule, wale wa nyumbani walikufa wote. Waliokupeleka wewe sekondari walikuwa kwa yule jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba."

Nimeona aibu. Ukame niliuweka wote, watu walivyonusurika sikuweka.

Kwa hiyo mchezaji aweze kuweka ng'ombe wake kwa mpinzani, naye mpinzani awakamue maziwa mpaka mvua irudi. Hapo mshindi atapatikanaje? Sijui. Hesabu hiyo anaiweza Jose, mimi hapana.

Kesho nachoma sidii yenye gemu yote, nampelekea Jose kwake pamoja na samahani yangu. Akitaka kubadilisha ukame, abadilishe.

Inaniuma, sitaficha. Nadhani baba naye ilimuuma hivi hivi, siku aliposwaga ng'ombe wake kwenda kwa yule jirani.