Mulembe, Mashine

Baba,

Nywele tulizonyoa baada ya kukuzika zimeota tena, na siku hizi ni mimi Nasimiyu wako ninayefungua duka lako la kuchapa hapa Bungoma. Mama hajambo kidogo. Bado anapakua chakula chako, halafu anaiangalia ile sahani na kuifunika.

Kompyuta yako iliharibika. Ilikuwa ikiwaka, inafika katikati ya kazi, inaganda. Nikamwita Harpal, yule fundi wa Kitale aliyekuuzia. Aliikagua, akatikisa kilemba chake. "Dada, hii Windows imekwisha. Lazima nifute yote, niweke ingine. Wewe toa kazi yako kwa diski kwanza. Nikishafuta, hakuna kurudi."

Nikahamisha kazi za wateja: programu za mazishi, mitihani ya shule za Kamukuywa, barua za chifu. Hizo hazikunisumbua. Halafu nikafika kwenye faili lako la salamu.

Tangu enzi za taipureta hukuweza kuanza kazi bila kuchapa mstari mmoja wa kujaribu, ukiiamkia mashine kwa salamu ya kwetu. Zamani karatasi ile ilitupwa. Kompyuta ilipokuja ukaanza kuihifadhi mistari yako, kila asubuhi mmoja chini ya mwingine. "Mulembe, mashine. Leo usiniangushe." "Mulembe, mashine. Jana ulinichosha bure." Mama alikuwa akilalamika, "Ati mashine inaamkiwa, na mimi nimepitwa kama mlango!" Ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Mstari wa mwisho uliuandika ulipopitia dukani kabla ya kwenda hospitali. "Mulembe, mashine. Leo nitachelewa kidogo." Hukurudi, Baba. Hukurudi.

Diski ya kwanza ilikataa. Ilikwaruza ndani, kisha kompyuta ikasema haisomeki. Zile ulizoweka kabatini zimeingia kuvu kwa mvua hizi. Nikajaribu nyingine, nayo ikakataa. Nikakimbia kununua mpya, na hiyo ikakubali. Nikalifungua faili kutoka kwenye diski, nikasoma, nikalifunga, nikalifungua tena. Harpal akauliza, "Nifute?" Nililia pale pale mbele ya wateja, Baba, maana niliona kama naambiwa nikuzike mara ya pili. Harpal akazima redio, akaningoja. Mwishowe nikainamisha kichwa kukubali.

Windows mpya iliingia polepole, diski baada ya diski, hadi saa ya chai ya jioni. Kompyuta ilipowaka ilikuwa tupu kama nyumba waliyohama watu. Nikarudisha faili lako kabla ya kazi ya mtu mwingine yeyote. Mistari yako yote ipo.

Pumzika sasa, Baba. Duka sitalifunga, na mashine yako haitakosa wa kuiamkia. Leo asubuhi nimeshuka chini ya mstari wako, nikaandika: "Mulembe, Baba. Nimefungua mimi."