Sahani ya Pili ya Igoki

Kinoru, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Natumaini goti limetulia, na kwamba mvua ya huko Embu imewahi maharagwe kabla hayajakauka. Hapa baba Igoki na mimi tuko salama. Mtoto ndiye asiyekula chakula, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimerarua karatasi mbili kabla yake. Simu nimeiogopa, maana ungesema "yaishe" kabla sijamaliza.

Mjukuu wako Igoki, wajina wako, amekonda. Kila asubuhi hulalamika tumbo. Mwalimu aliniita akaniambia kwamba chakula ninachompakia huwagawia wenzake. Nikampeleka hospitali, wakapima damu na choo, hawakuona kitu. Daktari, mama wa makamo, akamwuliza, "Mbona huli, mrembo?"

Mtoto alinitazama kwanza mimi. "Igoki ni mlafi."

"Nani alikwambia?"

Akanitazama tena. Daktari akanigeukia, nami nikaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Unajua mimi huandika shajara kila siku. Siku hiyo nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Tumbo lilianza juma lile ulipotoka kwetu baada ya kutibiwa goti. Juma hilohilo nimeandika, kwa mkono wangu: "Mgeni ameondoka. Leo nimepumua."

Mama, nisamehe. Kukuuguza mwezi mzima kulinichosha, na mama mkwe hajibiwi. Nikanyamaza. Lakini jina lako lilibaki hapa, kwa mtoto wa miaka sita. Akiomba kuongezwa githeri nilisema, "Igoki, wewe hushibi?" Akimwaga chai, "Igoki, nitakupangusia mpaka lini?" Ndiyo maneno niliyotaka kukuambia wewe. Baba yake, ambaye humwita "mami" kwa ajili yako, alinionya: "Huyo unayemsema hayuko hapa." Nikamjibu kwamba namfunza mtoto adabu.

Nilijiona mkaza mwana mwema kwa kukunyamazia. Kumbe kila neno nililokuficha nilimlisha yeye.

Jana mezani nilimwomba msamaha. Akasikiliza, kisha akauliza habari zako, nyanya yake, "Shosho hula sahani ngapi?"

"Mpaka ashibe."

"Na humkasirikii?"

Nilichelewa kujibu. Akaisukuma sahani yake.

Msalimie shemeji anayekukamulia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, umwambie kitambaa chake nitakituma. Haya ya mtoto ukiona vema kuwaambia, waambie. Sitalalamika.

Ninalo ombi moja, ingawa sistahili kuomba. Shule zikifungwa, njoo. Keti mezani karibu na Igoki, na ukimaliza sahani ya kwanza, niombe ya pili, kwa sauti, asikie. Nataka anione nikikupakulia.

Mimi mke wa mwanao,
Mama Igoki